Saa Elfu Moja za Fimbo Namba 14

Jumatatu, 17 Februari 2014
Saa kumi na moja kamili jioni. Fimbo namba 14 iko tanurini – nyuzi 850, uzani unaivuta. Nikeli ya mchanganyiko wangu! Gunvor, mkuu wa maabara, kasema ikimaliza saa elfu bila kukatika, aloi, yaani mchanganyiko huu wa metali, itaandikwa kwa jina langu. Isipofika, narudi kung'arisha sampuli za wenzangu. Hjalmar, msomi wetu mwenye udaktari wa metali, kaangalia boroni niliyoongeza – sehemu tisini katika milioni – akauliza kama natia chumvi kwenye supu. Miaka ishirini na miwili hapa. Niliingia na ufagio, ndiyo. Basi?

Alhamisi, 27 Februari
Saa 240. Yangu imerefuka asilimia 0.11. Fimbo ya Hjalmar, tanuri la jirani: 0.38. Nikamweleza mbele ya watu. Ndani ya metali kuna nafasi tupu, pale atomu ilipotakiwa kuwepo haipo. Kwenye joto atomu za jirani zinarukia humo, na fimbo inanyooka taratibu. Tundu hizo zikijikusanya kwenye mipaka ya chembe za metali, fimbo inapasuka. Boroni inakaa mipakani, inaziba. Akanijibu fundi asome kipimajoto, nadharia aiache. Haya.

Jumatatu, 17 Machi
Ya Hjalmar ilikatika juzi, saa 612. Yangu inashika! Anadai kipimajoto changu kinadanganya. Nikafunga chake kando ya changu. Tofauti nusu nyuzi. Akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Jumatatu, 31 Machi
Kahawa ya saa tatu. Wote mbele ya tanuri, Gunvor na keki ya lozi, kisu juu. Kwa saa ya ukutani: elfu! Nikamshika mkono. Jana nchi nzima tulisogeza saa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka majira ya joto yakikaribia. Tanuri halijui hayo. Hizi ni 999.

“Siv, dada yangu, unakataa ushindi wako mwenyewe?” Hjalmar huyo.

“Nakataa saa ya bure. Kesho ungeigundua wewe.”

Wakacheka, hata yeye. Keki imefunikwa. Hakuna aliyerudi mezani kwake. Hjalmar kavuta kiti karibu yangu, anauliza kwa sauti ya chini boroni niliitia kabla ya kumimina au baada. Nimemwambia asubiri, nahesabu. Gunvor kafungua fomu, pa jina bado patupu. Asilimia 0.52, imetulia kabisa. Zimebaki dakika tisa.

Kalamu yangu imekauka – Hjalmar kanipa yake. Zimebaki dakika nne.