Wamwage Kokoto Kwingine

Jumatatu, 3 Februari
Nimefunga saluni mapema, nikaenda mazoezi. Vumbi mpaka kwenye meno. Nekesa, kapteni wetu, anapiga mpira kama mtu anayelipiza kisasi. Nikamwambia aendelee hivyo hivyo. Uwanja wa mtaa wetu wa Free Area hauna nyasi wala choo, lakini timu yetu ya voliboli ilizaliwa hapo na mimi ndiye kocha, hakuna mwingine aliyekubali.
Tulipomaliza tukaona vigingi vyenye utepe mwekundu. Vimepigwa katikati ya uwanja. Hakuna aliyejua ni vya nini. Siipendi hiyo rangi.

Jumatano, 5 Februari
Sasa najua.
Wafula ameingia nyumbani akicheka. Sijamsikia mume wangu akicheka tangu karakana yao ya kuchomelea ifungwe. Amepata kazi! Kaunti inaandaa tamasha kubwa la michezo na utamaduni, na litafanyika uwanjani kwetu. Yeye atachomelea vyuma vya jukwaa la wageni. Nikamkumbatia. Kisha akasema uwanja wote utamwagwa kokoto na kushindiliwa, magari ya waheshimiwa yasikwame mvua ikinyesha.
Voliboli juu ya kokoto. Msichana akianguka hapo, magoti yanabaki.
Nikamwambia, "Si wamesema ni tamasha la michezo?"
"Mama Neema, wacha nifurahi leo."
Nikamwacha. Leo tu.

Ijumaa, 7 Februari
Kikao cha wananchi kutoa maoni, kwa chifu. Ofisa wa kaunti amevaa suti kwenye jua hili. Akaeleza hema, fataki, wasanii kutoka Nairobi. Alipofika kwa kokoto nikasimama. 
"Hizo ni pesa za umma, na umma ndio sisi. Tamasha ni la siku moja. Likiisha, kokoto itatolewa na nani?"
"Mathe, keti. Hata nyinyi mtapewa jezi."
"Boss, hizo jezi tutavaa tukicheza wapi?"
Watu wakapiga makofi. Ofisa akaita swali lingine.
Nina hasira. Si ile ya kupiga kelele. Ni ile inayovuta kiti na kukaa.

Jumapili, 9 Februari
Tumetoka kanisani, simu ya Wafula ikalia. Kontrakta. Amesema Wafula amtulize bibi yake au watafute fundi mwingine. Wafula alinieleza akiangalia sufuria.
"Ni kazi ya kwanza tangu mwaka jana. Unataka nifanye nini?"
Nilisema tu kwamba sitanyamaza. Akatoka nje, akakaa kwa ngazi peke yake mpaka ugali ukapoa.
Nampenda. Sitanyamaza.

Jumanne, 11 Februari
Lori zilifika asubuhi zikatukuta tunacheza. Neti juu, wasichana wote ndani, hata yule aliyejifungua juzi amekuja na mtoto mgongoni kusimama pembeni. Dereva akapiga honi. Tukacheza. Akapiga tena. Tukacheza. Mama mboga wakaacha vibanda vyao wakaja, watu wa bodaboda wakaja, mwisho uwanja ukazungukwa na watu.
Ofisa akashuka kwa gari. "Mnazuia maendeleo."
"Si yapite pembeni, boss," Nekesa akamjibu, mpira mkononi. "Sisi tunacheza."
Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alizungumza kwa simu muda mrefu, kisha akawapungia madereva mkono. Kokoto ikamwagwa kando ya barabara, na jukwaa litajengwa huko huko. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.
Jioni malipo yakaja. Timu yetu imetolewa kwenye mashindano ya tamasha. Utovu wa nidhamu, wamesema. Na Wafula amefutwa. Amerudi na kofia yake ya kuchomelea chini ya kwapa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Februari
Mimi na Wafula hatuongei.
Mazoezi bado yapo. Msichana mmoja ameuliza tunafanyia nini mazoezi kama tumefukuzwa. Nikamwambia tunafanya kwa sababu uwanja ni wetu. Ilisikika vizuri. Ndani nilikuwa nimeishiwa.

Jumamosi, 15 Februari
Tamasha. Hotuba, hotuba, hotuba. Kila mheshimiwa anashukuru mheshimiwa mwenzake. Tulisimama nyuma ya utepe na jezi zetu kuukuu tukiangalia wageni wakicheza mahali petu. Nilitaka kurusha kitu.
Wasichana wa timu ya Ndabibi wakachukua kombe. Wakati waheshimiwa wameingia hemani kula, kapteni wao, mrefu kama mlingoti, akatufuata.
"Hatuwezi kwenda nyumbani hivi. Kombe la Free Area bila kucheza na Free Area ni la nini? Ingieni."
Tuliingia. Mtu wa kipaza sauti akatuambia tutoke uwanjani. Akarudia. Watu waliacha pilau wakaja kuangalia, na nasikia hata mheshimiwa mmoja alitoka na sahani yake.
Tulishindwa. Seti ya mwisho, kidogo tu. Wasichana walilia, na mimi pia. Lakini nani ametutoa? Hakuna.

Jumatano, 19 Februari
Mvua kidogo. Saluni kimya.
Wafula amepata kibarua cha kuchomelea mageti huko Kiamunyi. Si kazi kubwa. Amerudi amelowa, nikampa chai. Sijamwomba msamaha na yeye hajauomba. Tumekaa tukisikiliza mabati.
Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwa kikombe, "Yule Nekesa akianzisha mpira anaupiga chini sana. Ndiyo maana ile seti ya mwisho iliwatoka."
Sikumuuliza alikuwa amesimama wapi. Nilimwongezea chai.