Kijitabu Kilichofuliwa

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umekupa nafuu. Mimi sijambo, ukiacha mikono, ambayo imeanza kufanana na shuka ninazofua: safi, lakini imechakaa.

Umeniuliza mara tatu kama Mama anaweza kuja kukaa kwangu, maana macho yake yanazidi kufifia nawe umechoka kumwongoza huku una kazi na watoto. Nimechelewa kujibu. Nivumilie nianzie mbali kidogo.

Hapa hospitalini, sisi wa chumba cha kufulia hukagua mifuko kabla nguo hazijaingia mashineni. Mwenzangu, tunayemwita Pasi kwa vile hachelewi kupata moto, alisahau mfuko mmoja, na kijitabu cha mafundisho ya Buddha kikafuliwa pamoja na koti la mgonjwa. Nikakianika. Nusu ya kwanza ilisomeka: mateso yetu yanatokana na tamaa, na lengo linalofaa maishani ni kuiachilia. Nusu ya pili iligandana kama kipande cha sabuni. Unanijua, Dada, nusu ya kitabu inanitosha kufungua shule.

Basi nikaanza kuacha. Niliacha sukari, nikaacha kubishana na Pasi, mpaka akaniuliza kama naumwa. Mwezi uliopita msimamizi wetu alistaafu, nikaitwa nishike nafasi yake pamoja na nyumba yake ya vyumba viwili, isiyo na ngazi hata moja. Nikakataa. Nilimwambia mkuu wa kazi kwamba sina tamaa ya cheo. Akanitazama sana, akasema ugonjwa huo hajawahi kuuona hapa. Nafasi akapewa Pasi. Ameshahamia, na mapazia ameshatundika.

Juzi akaja mtawa wa Kibuddha anayetembelea wagonjwa, yule aliyekuwa amekigawa kijitabu. Nikamsimulia, nikitarajia walau pongezi. Akanieleza taratibu kwamba nusu ile ya pili inahusu kutodhuru na kuwahurumia viumbe wote, na kwamba kwa mtu mwenye familia, kuwatunza wazazi ni katika malengo makubwa kabisa. Akauliza kama wangu wako hai. Nilipomweleza habari za Mama, akasema:

“Ndugu yangu, tamaa bado unayo. Uliyemwacha ni mama.”

Sasa nikuambie nisilomwambia hata yeye. Siku niliyokataa ile nyumba, barua yako ya kwanza nilikuwa nimeshaisoma. Nilijua nyumba ile ingemfaa Mama. Niliogopa, Dada: kumwogesha, kumlisha, kuitwa kila saa. Kijitabu kilinipa tu maneno mazuri ya kuogopea. Nimerudi kwa mkuu wa kazi, akasema hakuna nyumba nyingine. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, na choo kiko uani.

Tafadhali barua hii usimsomee Mama. Mwambie bado natafuta nyumba.

Wasalimie watoto na shemeji. Na Mama mshike mkono kwa niaba yangu, kwa kuwa wa kwangu hautafika.

Ni mimi,
mdogo wako