Babu, Kazi ya Baba Ilibaki na Jina Lako

Babu yangu, popote ulipolala,

Rufaa ya Baba imekataliwa. Kiwanda kimoja cha Kanada kilikuwa tayari kumwajiri kama fundi wa kuchomelea vyuma, lakini wanaotoa viza walimkatalia mara ya kwanza, wakitaka ushahidi kwamba kazi hiyo ameifanya kweli, tangu miaka ya vita.

Unakumbuka alasiri zetu barazani, nikikusomea vitabu vyangu vya shule? Hukuona ukurasa, lakini nikiruka mstari ulinirudisha. Siku tuliyofika kwenye somo la jicho, uliniambia ninyamaze kwanza. Ukanieleza kwamba mwanga wa kuchomelea ulikumaliza macho mapema, wakati wa vita, treni iliposimama na mshahara wa reli ukakatika. Watu walikuletea hapa Kindu baiskeli zilizovunjika kwa mizigo ya mchele na mawese kutoka Kibombo. Wewe ulikaa mbele ukiwatania. Baba, kijana bado, aliunganisha vyuma nyuma yako. Chuma kikishapoa, ulipapasa kiungo kwa kidole, ukamwambia mwenye baiskeli aende salama. Hakuna aliyejua kwamba huoni. Na kwetu, baba akiwa hai, kazi ya mtoto huitwa kwa jina la baba yake. Kwa hiyo miaka yote, mpaka tulipokuzika, ilikuwa kazi ya Muzee.

Basi tulipotafuta mashahidi, wateja wako wa zamani walikuja kwa furaha. Mmoja, akiikumbuka baiskeli yake, akasema, "Muzee njo alitengeneza velo yangu. Huyu alikuwa tu anamushikia vyuma." Wenzake wakaitikia, wakakumbuka utani wako, wakacheka, kisha wakatia sahihi. Baba aliwashukuru na kuwasindikiza hadi barabarani.

Maelezo ya rufaa niliyaandika mimi, kwa sababu ya Kifaransa changu cha shule. Nilimwomba Baba niongeze sentensi moja tu: kwamba ulikuwa huoni. Akajibu bila kuniangalia, "Ile usiandike. Muzee hakutaka watu wajue."

Unajua mimi si mtu wa kubishana. Siku hiyo nilibisha. Nikamwambia wewe umeshakufa, haitakuumiza.

"Njo maana," akasema. "Hawezi tena kujitetea."

Sikuiandika.

Jibu lilipofika, nilimsomea. Lilisema kwamba, kwa maneno ya mashahidi wetu wenyewe, kazi ilifanywa na baba wa mwombaji. Hapo akanisimamisha.

"Jina la Muzee wameliandika?"

Nikasema ndiyo, lote. Akaniomba nisome tena mstari ule, polepole.

Babu, nimekukasirikia wiki nzima, na wiki nzima nimetamani nikusikie ukinirudisha nilipokosea. Sijui kama hapa nimekosea. Kama nimekosea, sijui nimemkosea nani kati yenu.

Pumzika. Baba hajambo, anakusalimia, ingawa hajui nimekuandikia.

Mjukuu wako, aliyekuwa akikusomea