Rufaa Zilizopakiwa Lorini

Jumatatu, 6 Machi
Wametugawa! Waraka umefika asubuhi: mahakama yetu ya rufaa imezidiwa na kesi, basi rufaa zote za bonde la juu zihamie mahakama mpya kule tambarare. Mkuu wa masijala, Si Maati — “Si” yaani Bwana, hakubali aitwe vinginevyo — katusomea huku anatabasamu kama aliyepata mjukuu. Nikauliza, huko majaji wapo? Watateuliwa. Lini?
"Zahwa, wewe funga majalada tu."
Miaka kumi na tisa masijala. Kufunga majalada!

Jumanne, 7 Machi
Kamba, maboksi, vumbi. Dereva wa lori anasema jengo jipya halina hata milango.

Jumatano, 8 Machi
Bi mkubwa Lalla Itto kaja. Kila mwezi anashuka kutoka milimani na mkate wake wa shayiri, kuulizia rufaa ya mwanawe, Addi. Miaka minne jela kwa kuchoma ghala. Shahidi mmoja tu, naye keshakana maneno yake. Mitatu imekwisha akisubiri kusikilizwa. Tarehe ilikuwa kesho. Kesho!! Nikamwambia imefutwa mpaka huko wafungue. Hakulia.
"Mwanangu, nani atafungua kwanza? Mahakama yao au gereza?"
Nikamvaa Si Maati: waraka unaanza Jumatatu ijayo, kesho jaji yupo, mfungwa yupo gerezani ng'ambo ya barabara!
"Jalada limo kwenye orodha ya kuhama. Orodha ni orodha. Usinitafutie balaa, binti."
Binti! Nina miaka arobaini na sita!

Alhamisi, 9 Machi
Nimepasua boksi namba kumi na saba, lenye jalada la Addi. Kweupe, mbele ya Si Maati. Akafoka — kazi huna! Nikampita. Nikaingia mahakamani, jalada kifuani, nikaliweka mbele ya jaji. Nani karuhusu? Nikamwonyesha: tarehe ya leo, saini yake mwenyewe. Akavua miwani. Akaniamuru nikasubiri nje.
Naandika kwenye benchi la korido. Lalla Itto kaning'ang'ania kiwiko. Si Maati kaingia nyuma yangu; anabishana na jaji, namsikia anataja jina langu na neno nidhamu. Nidhamu!
Mlinzi katoka, karatasi mkononi. Nimemuuliza anakwenda wapi. Akanipita. Tumekimbilia dirishani kumtazama. Anavuka barabara, upande wa gereza — wanamwita Addi!