Vita Vipi vya Mjerumani

Hounslow, London
Jumamosi, 13 Februari 1971

Shoga yangu Mardhiya,

Nakusalimu wewe na wanao, na mama yako umwambie goti lake naliulizia kila nikiona mtu anachechemea. Sisi huku miili mizima. Baridi inatung'ata masikio, mume wangu Pravin anatoka alfajiri kwenda kuosha sahani na vikombe vya ndegeni kule uwanja wa ndege, na binti yetu Daksha amepona mafua yaliyomlaza wiki mbili. Barua yako niliipata zamani. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya hasira, na haijaisha, kwa hiyo ukiona kalamu imetoboa karatasi usishangae.

Nikueleze tangu mwanzo. Shuleni kwa Daksha wasichana wamegawanywa. Wako wanaotayarishwa kwa mtihani mkubwa, na wako wanaopelekwa kujifunza kushona na kupiga taipu. Daksha anataka kusoma mpaka awe daktari. Kwa kuwa tumefika mwaka jana tu, walimweka darasa la mtihani kwa majaribio, wakasema wataangalia insha zake. Insha moja mbovu, basi, cherehani.

Alipokuwa kitandani, msichana wa jirani alimletea swali la historia kwenye kikaratasi: kwa nini Mjerumani alishindwa vita, eleza viongozi wake na watu waliobaki nyumbani. Alinieleza kwa lugha yetu, na mwaka haukuandikwa. Shoga, nilifurahi. Mimi niliyeishia darasa la nne, mtoto ananiuliza kitu ninachokijua. Vita vya Mjerumani, nani wa Tanga asivijue?

Nikamsimulia siku tatu mfululizo, yale ya mama yangu na ya bibi yako. Namna askari wa Kihindi walivyoshushwa melini pale Tanga na Mwingereza wakafukuzwa na risasi na nyuki. Namna Mjerumani alivyoshinda siku ile akavimba kichwa. Nikamwambia wakubwa wale walikuwa hodari wa kupanga mizinga na wajinga wa kupanga chakula. Walichukua mahindi ya watu mpaka ya mbegu, wakachukua wanaume kubeba mizigo, wakawaacha wanawake wakichimba mizizi. Na kila waliporudi nyuma walitangaza kwamba wanashinda, wakati watu wanawaona kwa macho askari wanarudi wanachechemea, hawana viatu. Mtu anayeambiwa tunashinda na mwanawe analala na njaa, huyo hakupiganii tena. Daksha aliandika yote, kurasa sita.

Mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Alipofika kwenye nyuki wakacheka, naye akacheka nao. Kisha akamwambia Daksha kwamba hakujibu swali, na kwamba labda taipu itamfaa zaidi. Mtoto alirudi amevimba macho.

Mardhiya, nilivaa koti juu ya sari, soksi ndani ya ndara, nikaenda. Nilimwambia Daksha afasiri. Nikasema mama huyu anacheka njaa ya watu, nikasema aliyekula mizizi ni bibi wa rafiki yangu, si hadithi ya sungura, na kama hajui Mjerumani alivyoshindwa aje Tanga aulize. Daksha alifasiri maneno machache sana, najua, maana nilisema mengi na yeye akasema kidogo. Mwalimu hakugomba. Alifungua kitabu akakisukuma mbele yangu, kidole juu ya mstari. Maneno sikuyasoma, lakini tarakimu nazisoma. 1939 mpaka 1945.

Wewe unajua kwetu vile vya kwanza ndivyo vya Mjerumani, kwa sababu tulimwona Mjerumani mlangoni. Vile vya pili tunaviita vya Hitla, na sisi tuliona foleni ya sukari tu. Hawa wenzetu vyote viwili kwao ni vya Mjerumani, na swali lilikuwa la vya Hitla. Nikainuka, nikamshika mtoto mkono, tukatoka. Sikukiri kwamba aliyempotosha ni mimi. Nilimwacha Daksha abebe kosa lake na langu.

Ndani ya basi Daksha ndipo aliponijia juu. Kumbe siku ya pili alianza kuwa na shaka, akaniuliza nikiwa jikoni, kwa Kiingereza, kama vita hivi ni vile vile vilivyomo kwenye kitabu cha maktaba au vingine. Nami nikajibu ndiyo, ndiyo, andika. Akaniambia sasa amesoma jibu lenyewe. Mkubwa wa Wajerumani katika vita vile vya pili hakutaka kusikia asichokipenda, na waliomzunguka wakaitikia ndiyo mpaka nchi ikaanguka, na watu nyumbani wakaambiwa ushindi uko njiani huku mabomu yanawashukia. Akasema, Mama, nyumbani kwetu Mjerumani ni wewe. Watu wa basi walitutazama. Nilitaka kumzaba kofi, nikashindwa, kwa sababu hakuwa amekosea.

Sasa nikuambie nisilomwambia hata Pravin. Kiingereza sikijui. Zile barua nilizokuandikia kwamba nabishana na Wazungu sokoni, nazungumza kama maji, mkazisoma barazani mkanisifu, zilikuwa uongo. Mwaka mzima mwanangu ananiambia mambo yake, nami naitikia ndiyo kwa sababu naona haya. Sijui ameniambia nini na nini. Labda aliniambia analia shuleni. Labda nilimjibu ndiyo, vizuri. Hasira niliyokuwa nayo kwa mwalimu ilikuwa robo, robo tatu ni yangu mwenyewe.

Jana nilirudi peke yangu, bila mfasiri. Nikasema nilivyoweza: Daksha uliza, mimi sema ndiyo, mimi jua hapana. Na wewe cheka, si vizuri. Hilo nalo nililisema, maana kosa langu halikumpa ruhusa ya kucheka. Uso ukamwiva. Akanivutia kiti, akaandika kwenye karatasi, na msichana wa jirani akanifasiria: Jumatatu, saa tatu. Daksha ataandika insha nyingine mbele yake, moja tu. Ikiwa nzuri anabaki, ikiwa mbaya anahamishwa.

Sasa hivi yupo mezani na vitabu vitatu. Hasemi nami tangu basi lile, ila dakika hii, kwa kusahau, ameniuliza kitu kwa Kiingereza. Nimezima jiko, nimemfuata, nimemwambia sijaelewa hata neno moja. Kisha ameanza tena, kwa Kigujarati, polepole, bado amenuna.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na barua hii uisome barazani kama zile nyingine. Tuombee Jumatatu, kila mtu kwa dini yake.

Ni mimi shoga yako,
Kokila, mama Daksha