Wiki Mbili Kifaa Changu Kilikuwa Kiunoni kwa Vaileti

Jumanne, Makambako

Upepo umevuma mchana kutwa na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Nimerudi kutoka Njombe jioni hii na sijavua hata sweta. Mwanga wa simu nimeupunguza hadi mwisho kwa sababu macho bado hayautaki. Naandika kidogo, napumzika, naendelea. Nisipoandika leo, kesho nitaanza kujitetea.

Nimedanganya. Na leo uongo wangu nusura umuue mtu.

Mimi ni dereva wa lori linalokusanya majani mabichi ya chai kwa wakulima wa Lupembe na kuyapeleka kiwandani. Wiki tisa zilizopita nilipanda juu ya bodi kukaza turubai, mvua inanyesha, kamba ikakatika mkononi. Nikaanguka chali. Kamba naikumbuka. Baada ya hapo nakumbuka dari ya hospitali Njombe, na mdogo wangu Vaileti akiniuliza kama namjua.

Picha za kichwa hazikuonyesha damu wala mfupa uliovunjika. Daktari alisema ubongo umetikisika, nipumzike, hali itarudi yenyewe. Wiki tatu zikapita. Jua bado lilinichoma macho, redio ya jirani ilinitia kichefuchefu, na nikiinama kufunga kiatu naona sakafu inapanda kunifuata. Ndipo daktari akanipeleka kwa Dada Sanga.

Dada Sanga ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapo hapo hospitalini, mwanamke wa Makete, mfupi, hacheki ovyo. Alinifunga mkanda kiunoni wenye kifaa kidogo kisichozidi kiberiti. Akanieleza kwamba kinahisi kila mjongeo: mwili unavyoyumba ukisimama, hatua zinavyofuatana, unavyogeuka ukiitwa. Akanisimamisha juu ya sponji nene, macho nimefumba. Mimi nilijiona nimetulia kama nguzo ya umeme. Kwenye kompyuta yake mstari ulikuwa umejisokota kama uzi uliochezewa na paka.

"Edina, wewe unajiona mzima," alisema. "Mwili wako haujakubali."

Kipimo cha pale chumbani peke yake hakitoshi, maana mtu anaweza kujikaza dakika kumi. Kwa hiyo nilikuwa naondoka na kifaa, nakivaa nyumbani tangu asubuhi hadi wakati wa kulala, na kila baada ya wiki mbili nakirudisha akisome. Mara mbili alisoma, mara mbili akatikisa kichwa. Alisema nageuka mwili mzima kwa pamoja, kama kabati linalosogezwa, kwa sababu shingo inaogopa kukigeuza kichwa.

"Lori, bado."

Msimamizi wetu, Bwana Mwalongo, alikuwa amenivumilia vya kutosha. Akanipigia simu. Majani hayasubiri, alisema, na kuna dereva kutoka Ludewa anaomba nafasi. Nikileta barua ya hospitali kufikia Jumanne hii, lori ni langu. Nisipoileta, ni la mwenzangu.

Mimi ndiye mwanamke pekee anayeendesha pale. Nilipoanza walisema sitamaliza masika moja. Nimemaliza sita, na matope yake yote. Sikutaka ije isemwe kwamba niliondoka kwa kudondoka bodini.

Nikamfunga Vaileti mkanda.

Kimo chetu ni kimoja. Yeye anauza parachichi hapa sokoni, kutwa yuko kwa miguu, anainama, anageuka, anaita wateja. Alinikatalia jioni nzima. "Dada, aliyeanguka si mimi," alisema. Nikamwambia ni wiki mbili tu. Nikamwambia kama ananipenda atanisaidia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu Vaileti hajui kulikataa neno hilo, nami nilijua kwamba hajui.

Yeye alipokuwa sokoni na kifaa changu, mimi nilitandika godoro sakafuni, nikafumba macho, nikajizoeza kusimama. Kila asubuhi, mpaka nikaweza. Mwanafunzi anayekariri majibu huwa anajua anachofanya. Nami nilijua.

Leo saa tatu asubuhi nilikuwa Njombe. Ukungu ulikuwa haujapanda bado, na baridi ile ya kuuma vidole. Dada Sanga akachomeka kifaa kwenye kompyuta, akaipitia mistari, akaurudia mmoja.

"Unatembea sana siku hizi," alisema.

"Namsaidia mdogo wangu sokoni."

Uongo wa pili ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Akanipandisha kwenye sponji. Niliyumba, si sana. Akauliza kama nimekunywa chai. Mwisho akasema labda ni wasiwasi tu, kwa kuwa vipimo vya nyumbani ni vizuri mno. Akamwita daktari, wakashauriana, daktari akasaini. Dada Sanga akanikabidhi barua, akanishika bega na kutabasamu. Sikuweza kumtazama.

Gereji ya malori yetu haiko mbali na hospitali. Bwana Mwalongo alisoma barua, akanipa ufunguo palepale. Akasema kwanza lori lirudishwe nyuma hadi karibu na ukuta, fundi amwage oili. Mzee Kiswaga akaenda nyuma kuniongoza. Yeye ndiye mkubwa wa wapakiaji, amepita miaka sitini, na ndiye aliyenifundisha barabara ya Lupembe inavyotaka kuendeshwa wakati wa utelezi.

"Kamwene, binti yangu," alinisalimu kwa lugha ya kwetu. "Tumekukosa."

Niliwasha, nikaweka rivasi. Nikatazama kioo cha kulia, nikamwona, mkono juu, ananiita nije. Nikageuza kichwa upesi kutazama kushoto, nikarudi kulia.

Kichwa kilisimama. Dunia haikusimama.

Ukuta, pipa la oili, mafundi, vyote viliendelea kuzunguka. Kwenye kioo walikuwepo Mzee Kiswaga wawili na sikujua yupi ndiye. Mguu ukatafuta breki, ukaikosa. Nikasikia bodi la nyuma likipigwa makofi, mara moja, mara mbili, mara tatu, na mtu akiliita jina langu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikaipata breki.

Niliposhuka, alikuwa amesimama ubavu kati ya bodi na ukuta, mgongo kwenye matofali. Mbele ya kifua chake ilikuwa imebaki nafasi ya kiganja. Alijipenyeza akatoka.

"Binti, hukuniona?"

"Klachi imeteleza, baba."

Mafundi wakacheka, wakasema miezi miwili bila kushika usukani si mchezo. Mzee Kiswaga hakucheka. Alifuta viganja kwenye suruali, akanitazama machoni. Kisha akaenda kukaa juu ya tairi.

Nilirudisha ufunguo na kusema nimesahau dawa hospitali. Njiani nilishika uzio wa nyumba za watu mara mbili nisianguke.

Dada Sanga alikuwa anakula chakula cha mchana mezani kwake. Nikaweka barua kando ya bakuli, nikasema yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Huyo mdogo wako anabeba mzigo kichwani?"

"Ndoo ya parachichi. Kila asubuhi anapokwenda sokoni."

"Niliona. Kila asubuhi, karibu nusu saa, kiuno kinatembea bila kuyumba hata chembe. Nikajiuliza, huyu Edina anabeba nini na kichwa chake kile?" Akasukuma bakuli. "Nilijiuliza, halafu nikaacha. Wewe ni mgonjwa wangu wa kwanza kumfuatilia kwa kifaa hiki. Nilitaka sana upone."

Kisha akaichana barua vipande vinne na kunielekeza kwenye sponji.

Safari hii alinipima bila huruma. Simama. Fumba macho. Tembea, tazama kulia, tazama kushoto, usisimame. Hatua ya saba nikakumbatia ukuta. Akageuza kompyuta nijionee mwenyewe, na nikatazama. Wiki tatu nyingine kwa uchache, alisema, na mazoezi ya macho na shingo kila siku. Na kifaa nivae mimi.

"Hiki kinachokukatalia leo ndicho kitakachokuruhusu siku ya siku," alisema wakati ananifunga mkanda, akaukaza kuliko ilivyohitajika. "Usinifanyie tena."

Nilimpigia Bwana Mwalongo nikiwa stendi. Nikamwambia barua aliyoisoma haifai tena, na sababu yake. Akasema dereva wa Ludewa ataanza Alhamisi, na mimi nikipona nije tuongee. Hakuahidi kitu.

"Mzee anajua?" aliuliza.

"Hajui."

"Basi hilo si la kwangu kumwambia."

Vaileti nimemweleza yote na kumwomba radhi alipoingia kutoka sokoni. Aliniuliza kama huyo mzee ameumia, nikasema hapana, akaketi kwenye kigoda na kufunika uso kwa kanga. "Angekufa, ningekuwa nimeshiriki," alisema. Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Nilijifikiria mimi, lori, na maneno ya watu. Sasa anamenya viazi na hataki nimsaidie.

Mzee Kiswaga anaishi palepale Njombe, nyuma ya gereji. Niliitafuta namba yake kwenye simu mara tatu jioni hii, nikaifunga simu. Mtu uliyekaribia kumbana ukutani haambiwi kwa simu. Kesho asubuhi nitakwenda. Nitapiga hodi, nitakaa nitakapoonyeshwa, nitamwambia klachi ilikuwa nzima.

Ila kuna swali naliogopa, na najua atauliza, maana ndivyo alivyo. Akiniuliza, "Binti, ungekuja kusema ukweli kama nisingekutazama vile pale gereji?" nitamjibu nini?