Figa la Tatu Linarudi Lindi

Kijiji cha Ujamaa, Kigwa,
Tabora.
Juni 1975

Kaka Anselm mpendwa,

Shikamoo, kaka. Ile homa iliyokulaza wakati wa Pasaka imekuachia? Unakula vizuri? Sisi tunapumua. Apolinaria anaota jino na hanipi usingizi, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda, ujue nina mtoto mgongoni. Baba yake, Nikolaus, yuko shamba la kijiji. Mahindi ni haba mwaka huu, ila karanga zimetusitiri.

Barua yako niliisoma jikoni, nikairudia. Unasema ule mfupa wa jiwe uliotuletea Krismasi niufukie mbali na nyumba, na mtu akiuliza niseme sijapata kuuona. Halafu chini kabisa, kama mtu anayetaja mvua, unaniambia wataalamu wameukosa walipokuwa wakipanga mguu wa yule mnyama, na Raymundi amesimamishwa kazi kwa kuwa zamu ya kulinda hema ilikuwa yake.

Kaka, huyu si Raymundi mwenzako wa kuchimba, aliyetutumia korosho nilipojifungua?

Sasa nikueleze ulipokuwa mfupa wenyewe. Tulipohamishiwa hapa, ardhi yote ni mchanga, hata jiwe la kumtupia ndege hupati. Mama mkwe Josepha alihangaika kutafuta mafiga akapata mawili. Kuwa la tatu, akauchukua mfupa wako. Akasema babu zake walibeba pembe za ndovu kwenda pwani mpaka mabega yakaota sugu, leo pwani imeona haya, imerudisha mfupa mmoja. Nikacheka. Nilijua ni kitu chako, lakini mtoto alikuwa analia na sufuria inangoja.

Ulitueleza kwamba mwenye mfupa huo alikuwa kama mjusi, mrefu kupita kanisa letu, akafa kabla hapajawa na mtu duniani, matope yakamfunika yakageuka mwamba. Nami nimesonga ugali juu yake miezi yote hii. Moto umeutia weusi, na upande mmoja umepasuka, ndani unaona vijitundu kama masega ya nyuki. Nimeusugua kwa majivu na mchanga, weusi hautoki. Kwa hilo nisamehe, na uniombee radhi kwa wataalamu.

Lakini kuufukia, hapana.

Nilipomwambia mama mkwe kwamba naung'oa, aliniuliza ninamzika nani, maana kwake figa haling'olewi ila nyumba imefiwa. Nikakaa chini nikamweleza habari za Raymundi na watoto wake. Akasema, "Ng'oa, mwanangu. Lakini mimi sitakula cha jiko lenye pengo." Tangu hapo anakula kwa jirani yetu Batuli. Nawasikia wanavyocheka kule, nami nimeinamia sufuria iliyoegemea tofali bichi linalomeguka kila nikisonga. Natamani hata anigombeze.

Shemeji Silasi anakwenda Mtwara kwenye kazi ya ujenzi, atapitia kwako Lindi. Mfupa nimeufunga kwenye kitenge changu. Barua hii atakupa kwanza, uisome. Mfupa hatakupa mkiwa wawili. Nimemwambia autoe mbele ya mkubwa wenu wa kazi, Raymundi akiwepo, na wewe ndiwe useme nani aliuchukua. Angeweza kusema Silasi, lakini wewe ni kaka yangu. Maneno hayo nimekuachia.

Usidhani nimefanya haya kwa moyo mkavu. Nikilala naona nimekuuza. Kisha namwona mke wa Raymundi akikung'uta gunia la unga lisilo na kitu, nasema basi, na Anselm anikasirikie. Wakikufukuza, njoo nyumbani. Jembe lipo, na hakuna atakayekucheka mlangoni kwangu.

Nikolaus anakusalimu sana, na Batuli pia. Mama Josepha amesema nikuandikie kwamba kwako hana kinyongo, kinyongo chake chote kiko kwangu. Msalimie Raymundi, na mwambie nimeona haya.

Mungu akutie nguvu siku hiyo, usimwache mwenzako asimame peke yake.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukinuna,

Flavia